Kimya Walichokikata

Mwalimu wangu Barisa,

Asalaam aleikum.

Hapo nimeacha nafasi ujibu, kama ulivyonifundisha. Kompyuta haikuelewa. Imenisomea salamu na kurukia mstari wa pili mbio mbio, kwa sauti ileile unayoijua, inayotamka Kiswahili kama mgeni mwenye jino bovu. Naandika, nayo inanisomea kila herufi, na jina lako inaliharibu kila ninapoligonga. Nivumilie.

Tangu tukuzike mto umefurika mara moja na kurudi. Mengi yametokea hapa Garsen, na mengi ni upuuzi, tena upuuzi wa watu waliosoma.

Arobaini yako ilipokwisha tu, walitufikia watu wa mradi kutoka Nairobi, na magari mawili na mahema. Eti wamekuja kuienzi kazi yako. Hawakuwahi hata kunywa maji kwako, lakini kwa hotuba zile ungedhani mlinyonya ziwa moja. Mratibu wao, bwana wa sauti laini na marashi mengi, alituita "watu wenye changamoto za kuona," akarudia na kurudia, mpaka Mama Halako aliyekuwa akikupikia chai akaniuliza kama hao ni watu wengine wanaokuja nyuma. Wewe ulikuwa ukisema tu, mimi kipofu na nina kazi nyingi, sema shida yako.

Kisha wakafunua picha yako. Picha, Mwalimu. Kubwa, yenye kioo, kwenye ukuta wa chumba chetu cha vipofu, humu ulimokuwa ukirekodi. Makofi yakapigwa. Walipoondoka niliipapasa: baridi, bapa, haina pua wala masikio. Wameitundika chini chini juu ya ile soketi tunayochomekea kompyuta, kwa hiyo kila nikiinuka nagonga kichwa. Ndiyo kumbukumbu waliyokufanyia.

Kazi yako wameieleza vibaya sana, nami nataka iandikwe sawasawa mahali fulani, hata kama ni kwenye barua isiyo na wa kuipokea. Ulikuwa ukisoma vitabu vya nukta nundu kwa vidole huku ukirekodi sauti yako. Mimi mwanafunzi wako nikizinakili rekodi kwenye kadi za memori, nikizifunga kwenye nailoni, nikimpa kondakta wa basi la kwenda Hola na Bura, na kutoka huko watu wa pikipiki wakizifikisha Nanighi, Chewele, popote palipokuwa na kipofu mwenye redio ndogo ya kadi. Akimaliza kitabu anairudisha kadi, tunaifuta, tunamtilia kingine. Ulisema huko ndiko kupakua kwetu, na hakujawahi kukosa mtandao.

Na kila kitabu kilianza kwa salamu. Si salamu ya redioni, ya kuwarushia watu wote kwa mkupuo. Salamu ya watu wenu wa ng'ombe, wasioingia kwenye maneno kabla ya kuulizana hali ya boma zima. Ulikuwa unauliza, unanyamaza, unangoja mtu ajibu huko aliko, ndipo unauliza tena. Mimi wa mashambani, nimezaliwa Chewele kwenye migomba ya mtoni, sina subira hiyo. Wiki ya kwanza nilikuambia tuzikate salamu, zinakula nafasi. Ulinijibu polepole, nami naona haya mpaka leo:

"Binti, kipofu hasalimiwi. Watu humpita tu. Mimi nitamsalimia, na nitamngoja."

Sasa sikia nililofanya. Mratibu aliniambia rekodi zako zitawekwa kwenye tovuti, vipofu wa nchi nzima wazipakue. Ila kwanza zisafishwe. Nami nikadhani atasafisha makelele, lile feni lako bovu, na punda wa jirani. Nikampa diski. Nakala nyingine hatukuwa nayo, maana wewe na ukaidi wako ulisema nakala ni za kuwapa watu, si za kuweka kabatini. Nilimkabidhi kwa mikono yangu miwili na nikamwambia asante.

Tovuti ilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza kuingia. Nikajiandikisha. Ikaniambia, kabla ya kupakua, nichague picha zote zenye taa za kuongoza magari. Programu yangu ikanisomea: picha, picha, picha, picha. Huduma ya vipofu hiyo! Nikamwita Mama Halako anitazamie. Akainama, akaguna, akauliza taa hizo zikoje, maana tangu azaliwe hapa hajawahi kuziona barabarani. Akachagua kila picha yenye kitu kinachowaka. Tukafungiwa nje.

Nikampigia Mratibu. Akaniambia kwa upole, upole ule wa kumbembelezea mtoto mwenye homa, kwamba ni mambo ya usalama, tovuti ihakikishe mimi ni mtu na si mashine. Nikamwambia mimi ndiye mtu aliyemtilia yeye chai kikombe cha pili siku ile ya picha. Akasema ataliandika hilo kwenye ripoti. Wallahi, watu hawa wangezama mtoni wangeandika ripoti ya maji.

Siku ya tatu Mama Halako akabahatisha. Nikakipakua kile kitabu chako cha kwanza, cha kumtambua ng'ombe mgonjwa kwa kumpapasa na kumsikiliza. Nikavaa visikilizi. Nilikuwa sijaisikia sauti yako tangu tukuzike.

"Asalaamaleikummmeamkajeng'ombehawajambomvuaimefikawatotoje."

Mkupuo mmoja. Wewe ambaye hukumharakisha mtu maisha yako yote ulisikika kama dalali kwenye mnada wa mbuzi. Wamepitisha programu inayokata kila palipo kimya, faili ziwe nyepesi. Nikafungua kitabu cha pili, cha tatu, vyote. Hakuna ulipomngoja mtu. Nikampigia tena Mratibu kuulizia rekodi za asili. Zilifutwa, akasema, zilikuwa nzito. Kisha akanifariji. Akasema nisihuzunike, maneno yote ya Mwalimu yapo, kilichotolewa ni kimya tu.

Nilimjibu neno ambalo hukunifundisha wewe. Baada ya hapo nilikaa chini, nikalia kwa sababu si yeye aliyekupoteza, ni mimi.

Kadi nyingine zote zilikwisha kurudi na kufutwa, ndipo nikamkumbuka Mzee Dhadho wa Nanighi. Yule mfugaji kipofu uliyekuwa ukimlalamikia, kwamba ana kadi yetu ya kitabu cha ng'ombe na hairudishi, kila tukimtumia ujumbe anasema bado anasikiliza. Ulimwita mwizi wa taratibu. Nikatuma salamu kwa mtu wa pikipiki, nikiiomba kadi. Jibu likarudi: kadi haitoki. Zile rekodi nyingine mmewapa wageni, anayeitaka hii aje kwa miguu yake.

Mzee alikuwa na haki. Nikapanda basi hadi Bura, kutoka hapo pikipiki, tukafuata mifereji ya mashamba ya skimu ya umwagiliaji, nikafika na vumbi mpaka kwenye meno. Nilifikiri nitalazimika kumpa habari ya kifo chako, na njia nzima nilikuwa natafuta pa kuanzia. Akanipa maziwa. Nikatoa kompyuta, lakini redio alikuwa ameikumbatia na hakutaka kuiachia. Akasema, nani ananakili kabla ya kusikiliza? Akabonyeza.

"Asalaam aleikum," ukasema. Ukanyamaza. Ndani ya kimya kile nilisikia feni lako bovu likikwaruza, na kikombe chako ukikiweka chini.

"Waaleikum salaam," Mzee akakujibu.

Ukamwuliza ng'ombe. Akakuambia, bila haraka, kwamba wawili walikufa kwa kiangazi na yule mwekundu amezaa. Muda ulimtosha. Ukamwuliza mvua, akakuambia bado. Ukamwuliza watoto, akakutajia mmoja mmoja. Nilikaa pale kinywa wazi. Nikamwambia, Mzee, Mwalimu Barisa amefariki.

"Najua amekufa," akasema. "Lakini ameniuliza."

Ukafika kwenye swali lako la mwisho, lile la kabla ya kitabu: "Na wewe mwenyewe, u mzima?" Mzee akaisogeza redio kwangu. Akanigusa goti, akaniachia mimi. Mwalimu, nilishindwa. Muda wako wote ukapita feni likikwaruza, nikasikia ukivuta pumzi, ukaanza kusoma habari za homa ya ng'ombe.

Hicho ndicho kitabu pekee tulicho nacho chenye kimya chako. Vingine vimekwenda, na mimi ndiye niliyevitoa. Nimenakili mara mbili. Nakala moja iko kwenye kopo la majani ya chai la Mama Halako, moja naivaa shingoni, kadi yenyewe ameibakisha Mzee, na Mratibu akitia mguu hapa na diski yake ataondoka nayo tupu. Tovuti yao wakae nayo, wajichagulie taa. Picha yako nimeihamishia nyuma ya mlango, unisamehe, kichwa changu kilikuwa kimeota nundu.

Vitabu vyako vya nukta nundu viko kabatini. Nakuahidi nitavisoma upya vyote kwa sauti yangu hii kavu, salamu kwanza, na nitamngoja kila mtu, hata mimi nisiye na subira. Nimeanza jana na kile cha mahindi. Sehemu ya kwanza nimeshaituma kwa kadi Chewele.

Lala salama, Mwalimu. Na lile swali uliloniuliza Nanighi, jibu langu limechelewa lakini ndilo hili: mimi si mzima. Nimekuwa mpweke sana humu ndani. Asante kwa kuuliza.

Mwanafunzi wako,
Hawa