Jicho Lililomkonyeza Triza

Jericho, Nairobi, 9 Machi 2024
Mwaka wa arobaini na nane tangu niondoke Butere

Dada yangu Asenath,

Usidhani nimenuna. Simu yako naiona ikiita, lakini sikio la kulia linatoka usaha na la kushoto limechoka na uzee. Ndiyo maana naandika.

Mvua imeanza. Jirani anafuga kuku kwenye veranda, nami kwa harufu yao siwezi kusoma hata ukurasa mmoja.

Jumanne nilikwenda kwa Triza, muuza mboga wetu. Akaangua kicheko: "Mzee Shiundu! Umri huo na bado unanikonyeza?" Nikamwambia mchicha wake ndio unaoniponza. Kisha akanitazama vizuri. Kila nilipopepesa, jicho la kushoto tu ndilo lililofumba, na mdomo ulikuwa umekwenda upande. Alifunga kibanda akanipeleka hospitali.

Daktari anasema sukari yangu iliwapa bakteria nafasi. Wametoka sikioni wakaingia mfupani, wakafikia neva ya uso. Nitadungwa sindano kila siku kwa wiki kadhaa, la sivyo watafika kwenye ubongo.

Tangu hapo situlii. Nakaa, nasimama, nakwenda kwenye kioo kujaribu kulifumba jicho la kulia.

Najua utaniita nyumbani unikamulie majani sikioni, kama zamani. Yale uliyonitumia kwenye chupa niliyatia yote sikioni, dada. Usitume mengine.

Nyumba uliyonikandikia huko Butere ukingoja nirudi, mpe mwanao Opicho aingie na mkewe. Mimi sitarudi.

Kaka yako,
Shiundu