Simu Yako Ilikuwa Imejaa, Mama

Mama, shikamoo. Marahaba yako naijua ilivyo, nimeshajiitikia mwenyewe.

Simu yako ninayo. Mama Mdogo alinikabidhi siku ya kuanua matanga, ikiwa bado ndani ya kimfuko chake cha nailoni, imefungwa kwa uzi wa sweta. Nikaiwasha nikaitafuta programu yangu, ile niliyokuwekea mwenyewe tukiwa tumekaa kibarazani Hombolo, ya kumjulisha mnunuzi kwamba zabibu zimeiva alete gari. Haikuwemo. Uliifuta.

Nilikasirika, sikufichi. Kila wiki nilikupigia kukuuliza inakwendaje, nawe unajibu, "Nzuri mwanangu, nzuri sana." Nikalibeba neno lako hadi kwenye kikao cha ofisi, Dodoma mjini, nikasema kwa kujiamini kwamba mkulima wetu wa kwanza ni mama yangu na hana tatizo lolote. Kwetu mama gani atamwambia mtoto wake kuwa kazi yake haifai? Nililijua hilo tangu utoto, nikalisahau nilipopewa meza na kiti cha kuzunguka.

Halafu nikaona ulichokitengea nafasi. Nyimbo za kwaya yenu ya akina mama, na picha yangu nimevaa joho. Nikacheka huku nalia, Mama Mdogo akadhani nimechanganyikiwa.

Kosa lilikuwa letu. Tuliandika programu moja ya kuingia kwenye simu zote, Android na aifoni, kwa kuwa unaiandika mara moja, na ukirekebisha unarekebisha mahali pamoja. Si njia mbaya, zipo kazi inazozifaa, na bosi wangu, Bwana Msafiri, hakuwa mjinga kuipenda. Ila yetu ilitoka nzito. Kwenye simu zetu za ofisini ilikimbia. Kwenye yako ilikula nafasi yote, na hadi ifunguke ungekuwa umeshapalilia mstari mzima.

Niliporudi kazini nikaomba tuiandike upya kwa Android peke yake, iwe nyepesi, maana ndizo simu za wakulima. Wanunuzi wachache wenye aifoni wangefungua ukurasa kwenye intaneti. Bwana Msafiri akakataa, kazi ya miezi yote ile iende bure? Nikaitoa simu yako kwenye kimfuko, nikaiweka mezani mbele ya wote, nikamwomba airudishe programu yetu humo. Simu ikamwandikia kwamba nafasi haitoshi, afute kitu. Akausikiliza wimbo mmoja. Akaitazama picha yangu. Akahangaika humo weee, asijue afute nini, mwisho akanirudishia. "Haya," akasema, "iandike."

Mama, mimi niliyekuwa najificha nyuma ya kitenge chako nikiitwa kusoma somo kanisani, nilisimama mbele ya watu wazima na sauti haikutetemeka. Natamani ungekuwepo. Nilijivuna, na naendelea kujivuna.

Msimu huu Mama Mdogo ameitumia, na simu yake unaijua, kioo kimepasuka kama udongo wa kiangazi. Nilipomuuliza ikoje akanijibu palepale, "Nzuri sana mwanangu." Ninyi ni ndugu kweli! Safari hii sikuridhika. Nikamwomba abonyeze nikiwa nimesimama pembeni, katikati ya mizabibu, na nikaona alipokwama nikaenda kupatengeneza. Gari lilifika kwa wakati. Hakuna kichala kilichoozea shambani, na Mama Mdogo sasa anawafundisha majirani kwa ukali kuliko mwalimu wa hesabu.

Kwenye simu yako nimeiweka pia. Imeingia, na kwaya yenu imo yote, sikugusa hata wimbo mmoja.

Pumzika, Mama. Nakuahidi sitamuuliza tena mkulima kama kazi yangu ni nzuri, nitamwomba nione anavyoitumia. Na lile la majirani, nimeacha kubishana. Uliwatangazia kwamba binti yako anatengeneza simu, nami kila siku nakusahihisha, si simu Mama, ni programu. Juzi mzee mmoja pale kisimani aliniuliza nafanya kazi gani mjini. Nikamjibu kama ulivyokuwa unawajibu wewe.

Binti yako,
mtengeneza simu.