Nyumba ya Mwisho wa Mtaro

Feza, mjukuu wangu,

Jambo sana huko Kilwa yetu ya ziwani, si ile ya pwani. Sisi hapa mjini, katika mtaa wetu wa komini ya Kenya, tuko wazima. Goti langu limetulia, na mama yako amerudia kushona.

Unauliza: wewe na wenzako mkitaka kusafisha mtaro wa maji kando ya avenyu yenu, barabara ya mtaani, bila kungoja serikali, muanzie wapi?

Nilipokuwa msichana, mvua iliingia kwetu kwa sababu mtaro ulijaa takataka. Jumamosi moja, siku ya salongo, kazi ya usafi wa pamoja, nilikusanya wasichana wenzangu. Tulianza kuzibua mlangoni kwetu, kule juu. Maji yakapita, tukapiga vigelegele.

Mara Mama Kalenga wa nyumba ya mwisho kule chini akapanda, kitenge kimelowa mpaka magotini.

"Batoto yangu, muko nasafisha kwenu, na maji yote inakuya kulala mu nyumba yangu!"

Nilitaka kumjibu vibaya, maana nilijiona shujaa. Lakini mkononi alikuwa na jembe. Tukashuka naye, tukaanza upya mlangoni pake ili maji yapate pa kutokea, tukapanda nyumba kwa nyumba. Kila mlango tuliofika, mtu alitoka na jembe lake.

Mpaka leo avenyu yetu huzibua mtaro hivyo. Jumamosi iliyopita majirani walinipelekea kiti kule chini, nikawaonyesha pa kuanzia.

Basi usianzie mlangoni kwako, Feza. Shuka mpaka kwa yule wa nyumba ya mwisho ambaye hamjawahi kumsalimia, umwombe jembe.

Ni mimi bibi yako, kambo wako