Ua Lako Limekuwa Jekundu, Mama

Mama,

Ua la Krismasi limekuwa jekundu. Nimeanza na hilo ili usihangaike. Lipo sebuleni, na Baba amekaa karibu nalo anakunywa chai.

Sasa nikwambie yaliyotokea, maana nusura nikuaibishe.

Ulipokuwa umelazwa uliniambia, "Tumpe, niangalizie ua langu." Hukuniachia neno jingine. Ulipotutoka, nilifunga cherehani yangu Kyela mjini nikarudi hapa Matema, Baba asibaki peke yake. Hakulia mbele za watu, unamjua. Aliacha tu kukaa sebuleni. Alikula jikoni amesimama, vijiko viwili vitatu, halafu huyo, kwenye migomba. Nikawaza, huyu naye ataondoka. Nikajiambia, angalau ua la Mama nitaliweza.

Nililimwagilia kila asubuhi. Kila asubuhi, Mama, na mvua zile za baada ya Pasaka bado zinapiga. Sahani ya chini ikajaa maji, nikaona ni neema. Majani yakageuka njano, nikaongeza maji. Yakaanguka moja moja, mwisho vikabaki vijiti vitupu. Nikalificha nyuma ya choo. Baba alipouliza, nikasema nimelipeleka kanisani likapambe madhabahu. Nilimdanganya mzee aliyefiwa na mkewe, tena nikalitaja kanisa!

Mwanzoni mwa Agosti nikashindwa kuubeba ule uongo. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe, nikapiga magoti. "Baba, ua la Mama nimeliua."

Hakuinua hata macho. "Najua. Naliona kila nikienda chooni."

Kisha akaenda kulichukua mwenyewe. Akakwangua kijiti kwa ukucha, chini ya ganda kukawa kijani. "Halijafa," akasema. "Umelizamisha tu." Akaling'oa, akakata mizizi iliyooza, akapunguza vijiti vikabaki vifupi. Utomvu mweupe ukamchuruzika mikononi, akanituma sabuni. "Unawasha huo, usijishike machoni." Akaleta chungu kipya cha wafinyanzi Wakisi, akakitoboa matundu chini kwa msumari, taratibu, kisipasuke.

Mimi nimesimama mdomo wazi. Muda wote huo nilidhani mwenye utaalamu ni wewe! Nikamwambia hivyo. Akacheka, Mama. Mara ya kwanza tangu tukuzike. "Mama yako alikuwa wa kutoa amri. Mbebaji ni mimi."

Ndipo akanieleza. Kwetu huku maua haya yakiachwa nje huwa mekundu katikati ya mwaka, wakati wa baridi, usiku ukiwa mrefu. Ukitaka wekundu Krismasi, lazima wewe ulirefushie usiku. Kumbe ndiyo maana mlikuwa mnaliingiza stoo kila jioni! Utotoni nilifikiri mnaogopa wezi.

Basi tangu Oktoba, jua likianza kuzama, Baba analibeba stoo na kufunga mlango. Hata tochi ya simu haruhusu. Asubuhi, chai ikishanyweka, analirudisha sebuleni penye mwanga, mbali na upepo wa ziwani. Kazi yangu mimi ni kidole. Natia kidole kwenye udongo. Ukiwa mkavu namwagilia, na maji yakishuka kwenye sahani nayamwaga.

Na kwa kuwa ua lilikuwa sebuleni, naye akaanza kukaa sebuleni. Kwanza alikuwa anakagua majani tu. Baadaye akataka chai yake aletewe humo humo. Siku moja akamaliza wali wake, akasukuma sahani, akauliza kama mbasa wamebaki. Nilikwenda jikoni kumwongezea samaki nikalia huko, Mama, mwiko mkononi. Nilijua sitazika mara mbili mwaka huu.

Mwishoni mwa Novemba nikamsikia anapiga kelele, nikadhani nyoka. "Tumpe! Njoo uone kazi ya mama yako!" Jani moja la juu lilikuwa limeanza kuiva, jekundu kuanzia kwenye kikonyo. Tuliliangalia mpaka ugali ukaungua.

Leo Krismasi majirani wamekuja baada ya ibada, wameimba, wamekula. Walipolisifu ua, Baba akawaambia ni la mke wake. Na ni kweli.

Januari narudi kwenye cherehani yangu. Baba mwenyewe ndiye aliyesema, "Nenda, mimi nina kazi hapa." Nakuahidi nitakuja kila Jumamosi. Na jambo likinishinda, nitamwambia siku hiyo hiyo, sitangoja liharibike.

Ndaga fijo, asante sana kwa yote, Mama. Pumzika sasa. Mwenzako anakula.

Mwanao,
Tumpe