Farasi Ametangulia

Bladensburg, Maryland,
9 Novemba 2025

Mpendwa Baba Mdogo Zefania,

Shikamoo. Miguu inasemaje? Mwanao Serah aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unafika kanisani kwa kushikwa mkono, na bado unamsahihisha mchungaji wakati wa matangazo. Nikacheka, nikajua mgonjwa wetu bado yupo sana. Nimeandika herufi kubwa ili usome mwenyewe, maana haya sitaki yapitie kwa msomaji.

Sisi wazima, ila baridi imeanza na magoti yangu yameshapata habari. Kazi ni ile ile ya kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu.

Anayetunyima amani ni mwanangu Tobias. Unajua ni fundi wa magari katika jeshi la huku. Walipelekwa ng'ambo mwezi wa nane, na leo ni siku ya kumi na tisa hajapiga simu. Mkewe Audrey anasema wakati mwingine huzimiwa mawasiliano wote. Anasema hivyo huku ameishika simu, hata akipika.

Sasa sikia. Jumamosi ya wiki iliyopita Audrey alikuwa na kipindi chuoni Annandale, anakosomea uuguzi, nami nikawa namsubiri pamoja na mjukuu wangu Violet, wa miaka saba. Ukutani nikaona tangazo: filamu ya zamani ya Kirusi, bure, saa nane mchana. Pichani mwanamume mwenye masharubu, upanga mkono mmoja, bata mzima mkono wa pili. Baba Mdogo, nilipiga kelele watu wakageuka. Kapteni Masharubu wetu!

Ni ile ile ya Mpwapwa, mwaka sabini na tisa, gari la sinema lilipokuja na wewe ukaziba madirisha ya ghala la karanga kwa magunia. Ilikuwa Kirusi kitupu, na aliyekijua ni wewe peke yako, kwa ile miaka miwili uliyokwenda kwao kusomea matrekta. Ukasimama kando ya shuka ukatusimulia mwanzo mpaka mwisho, ukiwasemea wote, hadi farasi.

Nakuambia haijachuja hata kidogo. Vita vya Warusi na Wafaransa, theluji mpaka kiunoni, na jamaa anapigana ngazini na watu watatu bila kumwachia bata! Anaruka kutoka mnara wa kanisa, anaangukia mkokoteni wa nyasi, anainuka, anajipangusa, anamwamkia padri kwa adabu zote. Siku hizi wangemrusha kwa kompyuta. Yule karuka mwenyewe, unamwona kabisa anavyochechemea. Nilishangilia hadi Violet akaona haya.

Safari hii chini kulikuwa na maandishi ya Kiingereza, ndipo nikagundua ulivyotupiga kamba. Yule bata hakuwa zawadi ya mama mkwe, kaibwa jikoni kwa jenerali. Nikacheka peke yangu. Kisha tukafika darajani. Wewe ulisema Kapteni alibaki nyuma kuwazuia maadui, halafu akashika njia ya mkato. Hakushika njia yoyote, Baba Mdogo. Moshi unatanda, na rafiki yake anasema waziwazi kwamba ameuawa. Na farasi wa Kapteni anapofika peke yake kwa yule mchumba wake, dada wa watu analia msiba. Wewe ulituambia, nakumbuka neno kwa neno: "Analia kwa furaha. Farasi ametangulia, mwenyewe yuko nyuma, anakuja kwa miguu."

Wakati huo baba yangu Silvanus alikuwa vitani Uganda, nami nina miaka minane. Tangu siku ile, kila jioni niliweka kikombe cha bati chenye maji langoni, maana mtu anayekuja kwa miguu atakuwa na kiu. Kila asubuhi nilikikuta kitupu, nikajua yuko karibu. Pasaka mkatuambia amekufa, na kwamba barua ya jeshi ilifika hata kabla ya gari la sinema.

Sikukusamehe. Unajua, ingawa hatujawahi kulisema. Siku ya harusi yangu nilikupa mkono kama ninavyompa mgeni. Miaka arobaini na sita nimekuita muongo moyoni mwangu.

Basi pale Annandale farasi akatokea peke yake. Violet hawezi kusoma maandishi kwa kasi ile. Akanivuta mkono: "Bibi, where is he? Is he coming?" Nikafungua kinywa nimwambie kweli, mimi niliyeumizwa na uongo ule ule. Ikatoka sauti yako. "Farasi ametangulia. Mwenyewe yuko nyuma, anakuja kwa miguu."

Njiani nikamsimulia na habari ya kikombe changu. Audrey alikasirika: "Mum, mbona umemshow hivyo? Na Tobias asiporudi, mimi nitamwambia nini?"

Nisamehe, Baba Mdogo. Nilidhani uongo ule ulikutoka kirahisi. Kumbe barua ya kifo cha kaka yako ilikuwa mfukoni, na ukasimama mbele ya watoto wake ukalia kama farasi ili tucheke. Kapteni na upanga wake hakufikii.

Nisalimie Serah na wanawe wote, hasa Zefania mdogo, wajina wako. Mungu akutie nguvu miguuni, akuweke mpaka nije nikushike mkono wa heshima niliokunyima. Mtajeni Tobias kila mnaposali.

Violet sasa kila jioni huweka glasi ya maji nje ya mlango. Kila asubuhi, kabla hajaamka, natoka na kanga yangu kwenye baridi nayanywa yote. Yanauma meno. Sasa namjua aliyekuwa akinywa yale yangu.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na nimechelewa kukwambia,

Elieth