Baba Njeri aliombea kula, si kura

Alhamisi, jioni.

Mawingu yameshinda juu ya mlima Menengai kutwa nzima, kama wageni waliofika mlangoni wakakataa kuingia. Mvua hakuna. Vumbi la mtaa wetu wa Rhonda limetupaka sote rangi moja. Nimefunga kibanda mapema, nimepika chai, nimeiacha ikapoa. Sina wa kumwambia haya, kwa hivyo nakuambia wewe unayesoma, hata kama sikujui.

Wanamcheka Baba Njeri.

Baba Njeri ni mume wangu. Bado nasema "ni", ingawa Bwana alimwita zamani kidogo, kwa ugonjwa wa kifua. Alikuwa seremala na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Akicheka alifunika mdomo kwa mkono kwa sababu ya pengo. Mahali pekee alipoachilia maneno ni kwa maombi.

Na maombi yake yalikuwa yanatoka kwa televisheni.

Wa rika langu hapa mtaani wanaikumbuka stesheni. Ilikuwa chumba kimoja tu, orofa ya kwanza, juu ya posho mill, kinu cha kusaga mahindi. Kamande, fundi wa televisheni, ndiye aliianzisha. Alivuta waya juu ya mabati, nyumba hadi nyumba, na ukilipa kitu kidogo picha inaingia kwako. Upepo ukikata waya, nusu ya Rhonda inabaki na chenga tu, na watu wanaanza kuita Kamande kwa jina la mama yake.

Vipindi vilikuwa vyetu wenyewe. Jumamosi watoto wa Sunday school walikariri mistari, wengine wakilia katikati. Kulikuwa na mama mmoja wa kupika, anaonyesha vile githeri inaweza kuwa tamu bila mafuta. Kulikuwa na kipindi cha vitu vilivyopotea, na mbuzi akipatikana alipandishwa ngazi, akasimamishwa mbele ya kamera ili mwenyewe amtambue. Mmoja alikula pazia. Tulicheka mpaka tukaumwa na mbavu.

Kochi ya hiyo studio ilikuwa yangu. Kila siku ya kurekodi vijana walikuja wakaibeba, na vitambaa vyake nilivyoshona mwenyewe, na mimi nikabaki nimekalia mtungi wa maji.

Kamande akitaka kurekodi alitundika kitambaa chekundu dirishani. Mwenye posho mill akikiona anazima mashine. Wamama waliokuwa kwa foleni na mahindi yao wananyamaza. Mtoto akitaka kulia anapewa titi haraka. Mtaa mzima ulishika pumzi ili mtu mmoja asikike. Mimi sijaona heshima kama hiyo tena.

Sasa sikiliza vile haya mambo yalianza.

Kuna mwaka majirani walichomeana nyumba kwa sababu ya kura. Baba Njeri ndiye alipiga majeneza, ya watu wa huku na ya watu wa kule, mbao ikaisha akavunja milango ya karakana yake. Tangu hapo alisema neno hilo haliingii kwa sala yake mpaka afe. Mheshimiwa akija kanisani, alimpa kiti. Maiki hakumpa. Wengine walimwona mkaidi. Mimi nilijua ni kidonda.

Halafu njaa ikaja. Mahindi hayakubeba, na yale ya kununua bei haikushikika. Jioni moja Kamande akamwita Baba Njeri aombe kwa kipindi cha Neno la Jioni. Nilienda naye, nikasimama nyuma ya kamera. Siku hiyo kitambaa chekundu hakikuhitajika. Posho mill ilikuwa kimya wiki nzima. Hakukuwa na cha kusaga.

Akaomba chakula. Akasema, Bwana, watu wako wanataka kula. Wape kula. Asubuhi wape kula, jioni wape kula. Hata adui zao, Bwana, wape kula.

Lakini sisi watu wa kwetu, l na r ni mtu na nduguye. Hatuwatenganishi. Kwangu nyumbani "njoo ukure" ni kukaribishwa mezani, na hakuna mgeni aliwahi kutoka nje kutafuta sanduku la uchaguzi. Hata kuandika hapa inabidi nifikirie kwanza.

Kwa hivyo alisema, "Wape kura."

Nasi sote tulisikia chakula. Tulilia, tukasema amina.

Stesheni ilikufa pole pole, wakati televisheni za kisasa ziliingia. Kaseti zilikuwa chache, Kamande alirekodi moja juu ya nyingine, kwa hivyo karibu kila kitu kilifutika. Ya Baba Njeri ilipona kwa sababu ilikwama ndani ya mashine ya kurekodi. Mwaka huu Shiro, binti ya Kamande, akaifungua hiyo mashine, akaitoa, akaipeleka ikageuzwa iingie kwa simu. Akaweka kipande kifupi mtandaoni ili watu wakumbuke stesheni. Alikuwa na nia safi kabisa. Ni mtoto niliyemfundisha Sunday school.

Mtu asiyejulikana akakichukua, akakiwekea ngoma.

Na leo asubuhi gari la kampeni likasimama mbele ya kibanda changu, nikiwa kwa mashine yangu ya kufuma sweta za shule. Spika zikafunguka. "Wape kura! Asubuhi wape kura! Jioni wape kura! Hata adui zao, wape kura!" Ilikuwa sauti ya mume wangu. Sindano ilinichoma na sikuisikia.

Kijana mmoja juu ya gari akanirushia picha ya mheshimiwa wake. "Mathe, cheza kidogo! Hii ndio ngoma ya mtaa!"

Nikamwambia, "Huyo anayeomba ni mzee wangu."

"Haiya! Basi wewe ndio Mama Kura!" Wenzake wakaangua kicheko. "Mwambie atuombee tena, hii kura ya mheshimiwa bado iko tight."

"Alikufa."

Kijana akavua kofia. "Pole, mathe. Pole sana. Lakini si tunampenda? Huyu mzee anatubamba vibaya."

Akamwambia dereva apunguze sauti, na kweli wakapunguza. Walipofika kona wakaongeza tena.

Siwezi hata kumchukia. Hapo ndipo shida yangu ilipo. Ningempata mtu mbaya ningejua pa kupeleka hasira.

Nilifunga mlango wa kibanda nikaenda Kaptembwo, kwa Kamande. Siku hizi anatengeneza televisheni za watu kando ya barabara, macho yameisha, Shiro ndiye anamsomea namba ndogo ndogo. Shiro aliponiona akaanza kulia kabla sijasema kitu.

"Auntie, nimejaribu kuwaandikia. Hata hawajibu. Mimi nikifuta yangu, zao zinabaki. Watu washaziweka kwa simu zao."

Kamande akasema, "Mama Njeri, pore. Pore sana." Mkono wangu akaushika na mkono wake wenye mafuta ya mashine.

Nikauliza kama sala yote iko, mpaka mwisho. Iko. Tukaitazama sisi watatu, vichwa vimegusana juu ya simu moja. Nikaona vitambaa vyangu vya kochi. Nikamwona na hiyo koti yake ya Jumapili, shingo imekuwa nyembamba kwa kola. Akamaliza kuomba. Akasema amina. Kamande alikuwa amesahau kuzima kamera, basi Baba Njeri akageuka upande wangu, akauliza kwa sauti ya chini, ile ya nyumbani:

"Mama, kuna kura nyumbani?"

Na mimi nasikika nyuma, sionekani. "Kuna chai."

"Chai inatosha," akasema. Akafunika mdomo, akacheka.

Nilikuwa nimesahau hayo kabisa. Yeye aliyekuwa anaombea mtaa chakula, hakuwa na uhakika kama kwake kuna cha kutia mdomoni. 

Ndipo nikasema, Shiro, hii hapa ndio dawa. Weka yote. Mtu akisikia hapo mwisho ataelewa kwamba huyu alikuwa na njaa, alikuwa anaomba chakula. Kamande alisita. Alisema, "Hebu tungoje kidogo." Mimi nikasema ukweli haungojwi. Nilisema hivyo nikiwa na furaha, Mungu ananiona. Nilihisi kama nimemshika mkono Baba Njeri namtoa kwenye tope.

Shiro akaiweka.

Nilikuwa sijafika hata nyumbani. Mwanamke wa mboga akaniita, akiwa anacheka na simu mkononi, hajui huyo ni mume wangu. "Mama Njeri, umeona hii ingine? Mzee anauliza kura, bibi anamwambia kuna chai!"

Unaelewa? Mimi sikuelewa mara moja.  Halafu ikaniingia. Hapa kwetu chai si chai tu. Askari akikusimamisha anataka chai. Karani anataka chai. Wakati wa kampeni chai ni ile noti unakunjiwa mkononi ili ukapige kura vile umeambiwa.

Kuna kura nyumbani? Kuna chai. Chai inatosha.

Asubuhi alikuwa mzee wa kuchekesha. Kufika jioni amekuwa mzee aliyeuza kura, na mimi bibi yake ndiye mwenye kumlipa. Nimempigia Shiro aifute. Ameifuta. Tayari imeshawekewa ngoma.

Njeri, mtoto wetu wa pekee, amepiga simu kutoka Karagita, upande wa Naivasha. Anafunga maua huko, na wenzake wamekuwa wakiimba hiyo "wape kura" wakipanga mawaridi. Hajawahi kuwaambia ni baba yake.

"Mum, ni nani ametoa hiyo ya chai?"

Ningeweza kudanganya. "Ni mimi."

 Nilisikia wenzake nyuma, mtu anamwita kwa chakula.

"Nakumbuka hiyo jioni," akasema. "Ilikuwa chai ya rangi, na haikuwa na sukari. Baba alinipa kikombe chake akasema ameshiba. Mum, hiyo ilikuwa yetu."

 Nimemwambia avae sweta, Naivasha kuna baridi jioni. Hayo ndiyo sisi wamama tunasema tukikosa cha kusema.

Nimefungua Biblia nikaifunga. Nimeomba, na maneno yamekuja mafupi, kama ya mtu anayeogopa kurekodiwa. Naweza kusimama kwa soko niwaeleze r na l? Nitamweleza nani, mmoja mmoja, mpaka Molo, mpaka Gilgil? Nilidhani ukweli ukitolewa nje unatembea wenyewe. Kumbe unahitaji watu wa kunyamaza kwanza, na mtaa wetu haunyamazi tena.

Shiro alinitumia ile sala kwa simu, yote, bila ngoma. Nikasema nikae nayo peke yangu, nimsikie vile nilimsikia ile jioni nikiwa nyuma ya kamera, na tumbo tupu, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyefikiria kitu kingine isipokuwa unga.

Nimeiweka kwa sikio. Nimefumba macho.

Amesema, wape kura, na mimi nimesikia kura.

Nimerudia. Nimesikia kura. Nimejilazimisha niwaze sufuria, niwaze sima, niwaze Njeri na kile kikombe. Kura. Miaka yote niliyoishi na huyu mtu, mezani kwake, kitandani kwake, sijawahi kusikia hivyo. Leo wamenifundisha.

Kesho gari litapita tena, wako na mkutano karibu na stendi. Sikuombi uwanyamazishe, Bwana, naona hilo limekuwa kubwa. Lakini haya masikio yangu mawili, hata hayo nayo ni yao?