Fundi Rangi na Chumba cha Mama Mkwe

Kamina, Jumapili baada ya ibada

Kwako Ngoy, mdogo wangu wa tumbo moja,

Pokea salamu zangu, wewe na wote wanaokula kwenye sahani za Mama. Habari za mwili wako? Ile homa iliyokushika kwenye msimu wa samaki imekuacha, au bado inarudi kupiga hodi? Mguu wa Mama unaendeleaje? Na Baba, angali anabishana na redio? Mimi huku ni mzima. Nakula, nalala, na hata shingo imeanza kunenepa, ingawa shangazi yetu ninayekaa kwake anasema hayo si mafuta, ni chokaa iliyonigandia.

Barua yako nililetewa na yule mama mchuuzi wa samaki wakavu. Masikini, alipanda mtumbwi kutoka Malemba-Nkulu mpaka Bukama, kisha akangoja treni mpaka watu wa kituo wakadhani ni mwenzao wa kazi. Samaki mlionitumia wamefika, isipokuwa wale wakubwa, ambao askari wa kizuizi waliwapenda kuliko mimi. Siku hizi za vita hata samaki anaombwa karatasi zake njiani. Tumshukuru Mungu, waliobaki walikuwa watamu, na shangazi aliramba vidole bila aibu.

Unasema unataka kuja kuomba kazi kwa patron wangu wa rangi, na unataka kujua kitakachokukuta. Unasema pia Mama hataki kukuachia mpaka ajue kama mimi mwenyewe nimeota mizizi huku au bado naelea. Ana haki. Mama aliyemtoa mtoto mmoja wakati wa vita hatoi wa pili kwa kubahatisha. Basi tulia, nikueleze yote, nawe utajua la kumwambia.

Kwanza, usije na tai. Mimi nilikwenda na shati jeupe la marehemu mjomba, limepigwa pasi ya makaa, na diploma ndani ya bahasha. Patron Saidi, ndilo jina lake, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtu mfupi mwenye kofia ya rangi zote anazojua duniani. Ni mtu wa Kindu. Alikuja Kamina kupaka nyumba za reli, vita vikamfungia njia nyuma yake, akabaki huku na ngazi zake, mke na watoto wakabaki kule. Hakuifungua bahasha yangu. Alishika mikono yangu, akaigeuza, akatazama kucha.

“Iyi mikono ilishikaka nini?” akauliza.

“Kalamu, patron. Na nyavu za samaki.”

“Nyavu ni muzuri. Shika ngazi.”

Nikashika ngazi mpaka jua likawa la utosi, huku fundi mmoja anaitwa Banza akiwa juu anakwangua ukuta wa zamani, na vumbi lote likishukia shati la marehemu. Kisha nikapewa kikwangulio, na mimi nikakwangua. Brashi sikuiona siku ile wala iliyofuata. Kwa patron huyu rangi huja mwisho. Kwanza unakwangua, unaosha, unaziba nyufa, na anayekuja akililia brashi siku ya kwanza hurudishwa kwao kunywa maji.

Jioni ndipo akaniuliza swali lake, analomuuliza kila mtu, nawe atakuuliza: “Kazi gani hauwezi kufanya?”

Ngoy, unanijua kinywa changu. Nikapiga kifua nikasema, “Hakuna, patron! Paa lolote, nyumba yoyote, chumba chochote!”

“Chumba yoyote?”

“Chochote!”

“Muzuri. Utajaribu kwanza. Lakini sikia: mu siku za kujaribu, mutu anachagua kazi, anarudisha brashi, anaenda kwao.”

Banza akacheka kule juu mpaka ngazi ikatikisika. Sikujua anacheka nini.

Ukuta wangu wa kwanza ulikuwa kule Base, kambi ya jeshi, katika nyumba ya afisa mmoja. Ndege za askari zinashuka, udongo unatetemeka, na wake za askari wanauza maandazi kana kwamba hakuna kinachopita. Nikapaka chokaa. Ngoy, chokaa ikiwa mbichi haionekani, ukuta unabaki na weusi wake uleule. Mimi nikadhani nimepaka kidogo, nikaongeza, nikaongeza tena, mpaka ndoo ikaisha. Kesho yake ukuta uling’aa asubuhi, na mchana ukaanza kubambuka wote. Patron hakunitukana. Alinirudishia kikwangulio tu, akasema, “Chokaa inaomba uvumilivu. Upake kidogo, ungoje ikauke.” Hiyo ishike vizuri, itakuokoa aibu.

Sasa nikueleze jambo ambalo huko nyumbani mmesikia harufu yake tu. Kuna msichana hapa anaitwa Numbi. Anaimba sauti ya pili katika kwaya, na akinicheka nasahau njaa. Mama yake ni Mama Monga, mjane, mwalimu katika shule ya kanisa. Shangazi alikwenda kunisemea, na Mama Monga akajibu kwa upole kwamba mimi hanichukii, ila hawezi kumpa binti yake kijana anayezunguka mjini. Nikipata kazi ya kusimama, turudi tuzungumze. Ndiyo maana nilijipiga kifua vile mbele ya patron.

Na tangu siku ile shangazi alipokwenda, Mama Monga akawa mama mkwe kwangu, hata kabla ya ndoa. Unajua tulivyolelewa. Humwangalii usoni, huli mbele yake, na chumba anacholala huingii, kitanda chake hukioni. Unamkumbuka shemeji yetu, mume wa dada Kabange? Si alikimbilia ndani ya mihogo na baiskeli yake siku alipokutana na Mama njiani, akatoka huko amechanika suruali? Aliishi hivyo mpaka siku Mama alipomwekea kuku mkononi mwenyewe. Tangu hapo akawa mtoto wa nyumba, na sasa anamaliza ugali kuliko sisi.

Basi kanisa likampa patron kazi ya kupaka nyumba za walimu kabla ya Noeli. Nyumba zimepangana mstari mmoja, na kila fundi akapewa yake. “Weye, Kalenga, ile ya mwisho,” akasema patron. Nikabeba ndoo, nikaingia ua ambao sikuwahi kuukanyaga, nikainua macho. Mama Monga alikuwa anapepeta unga. Tulionana wote wawili kwa pamoja. Yeye akajifunika kitenge kichwani akakimbilia jikoni nyuma ya nyumba, mimi nikakimbilia nyuma ya choo na ndoo yangu, chokaa ikimwagika njiani.

Patron akanifuata. “Muligombana?”

“Hapana, patron. Ni buko wangu, mama mkwe.”

“Buko hapana ugonjwa. Paka nyumba.”

Nikamweleza. Akasikiliza kofia ikiwa mkononi, kisha akatikisa kichwa. Nikamwomba nibadilishane na Banza, akakataa. Alisema akiniruhusu mimi leo, kesho kila fundi atapata buko kwenye kila paa refu. “Chumba moja ikibaki, kanisa itasema kazi haikuisha. Na ni weye ulisema chumba yoyote. Nikirudia hapa kisha kula, nikute umeanza ile chumba, ao unipe brashi.”

Hapo ndipo nilielewa Banza alicheka nini. Na naye ni Muluba kama sisi, mwenye miiko ileile!

Ngoy, nilishikwa pande zote. Nikiingia, nimemvunjia mama wa watu heshima, na Numbi simpati. Nisipoingia, kazi imekwenda, na bila kazi Numbi simpati vilevile. Nikapaka nje. Nikapaka sebule. Nikapaka mlango wenyewe wa kile chumba, nikapaka mpaka bawaba zake, huku nikiomba mvua inyeshe au treni ipige honi, chochote kile. Mwishowe hakukuwa na cha kupaka tena. Nikasimama mbele ya mlango na brashi inadondoka juu ya viatu, na nakiri nilitaka kulia.

Ndipo nikasikia sauti kutoka jikoni. Uani kulikuwa na kuku mmoja mwekundu, anachokoa unga uliomwagika. Mama Monga alikuwa anasema naye.

“Weye kuku, sikia. Naona fundi iko anaogopa mulango. Umwambie minyi nilisikia maneno yake na patron yote. Mutoto mwenye anaogopa mulango ya mama, kwabo balimulea muzuri.”

Mimi nami sikuthubutu kumjibu moja kwa moja. Nikamwambia kuku, “Kuku, umwambie mama aksanti.”

“Kuku, umwambie aende ku kisima, anawe mikono. Na asirudie mbio.”

Nikaenda. Nilinawa mikono ile mpaka ngozi ikalalamika. Niliporudi, mlango wa chumba ulikuwa wazi, na Numbi na mama jirani walikuwa wanavuka ua wamebeba godoro, wanacheka chini chini. Kitanda kilikuwa kimekwisha kwenda kwa jirani, na sanduku, na nguo, na mkeka. Hata misumari ya kutundikia nguo ilikuwa imeng’olewa. Na ile sauti ikatoka tena jikoni:

“Kuku, umwambie: kitanda njo chumba. Kitanda haiko, chumba haiko. Mule ndani iko kibambazi tu, na kibambazi haina buko.”

Nikaingia. Mle ndani hamkuwa na kitu isipokuwa hivyo vibambazi, kuta nne na dirisha. Nilipaka kama ninavyokuambia chokaa inataka, kidogo kidogo, nikingoja ikauke, na mkono wa mwisho nikautia bulu kidogo, ile ya kufulia nguo, ili weupe uwe wa baridi machoni. Patron aliponirudia akanikuta nimeanza, akakaa mlangoni. Nilipomaliza akapitisha kiganja ukutani, akakitazama, kilikuwa safi. “Bon,” akasema. “Siku za kujaribu zimeisha. Uko wetu.”

Ningali nakusanya brashi, Mama Monga akatoka jikoni. Hakuwa amejifunika. Alikuja moja kwa moja, amemkamata yule kuku mwekundu, miguu imefungwa, akasimama mbele yangu na kuniangalia usoni. Mimi nikaangalia chini. Akamweka kuku mikononi mwangu.

“Iyi kuku imesema sana leo,” akasema. “Ipumuzike. Sasa tutasema siye bawili. Kuanzia leo utakula kwangu, na utaniita mama.”

Nililia, Ngoy, sikufichi. Nilipangusa macho kwa mkono wenye chokaa, nikalia zaidi, na Numbi akaniletea maji akicheka mpaka akashika ubavu. Nikamwangalia Mama Monga na macho yangu mekundu, nikamwita mama.

Patron Saidi alitazama yote hayo akiwa amekaa juu ya ndoo. Baadaye, tulipokuwa tunabeba ngazi, akasema taratibu: “Miye na mama ya muke yangu tulikula sahani moja. Sijui kama angali muzima.” Neno hilo nikampelekea Mama Monga. Jumapili hii Mama Monga amemwita naye aje kula, na amekubali. Ameivua ile kofia na kuifua, ingawa rangi hazikutoka.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukija, vaa nguo usizozipenda. Diploma iache kwa Baba, panya wasiifikie. Shika ngazi unapoambiwa, na chokaa usiihurumie wala usiionee. Na akikuuliza kazi usiyoiweza, fikiri kabla ya kujipiga kifua. Siku hizi ameongeza swali la pili, analiuliza kwa sauti kubwa mbele ya wote: “Uko na buko mu Kamina?” Wewe huna bado, kwa hiyo una bahati. Usije peke yako, lakini. Njoo na mjomba, maana kuna mazungumzo ya ndoa, na mimi siwezi kujisemea mwenyewe. Mngoje treni ikiwa na watu wengi, msilale Bukama kama njia ina maneno.

Unisalimie Baba, umwambie redio ikimshinda aizime. Salamu kwa dada Kabange na mume wake, yeye atanielewa kuliko nyote. Salamu kwa mjomba mvuvi, na kwa katekista aliyetufundisha kuandika, asiangalie makosa yangu. Shangazi anawasalimu. Anataka kumpika kuku, mimi nakataa, maana kuku yule anajua mambo yetu mengi mno.

Kuhusu Mama, usimsomee barua yote. Ataanza kuuliza vita viko wapi na ngazi ina urefu gani. Yeye anataka kujua jambo moja tu, kama nimeota mizizi huku. Ngoja atue alichobeba kichwani, umkalishe, halafu umwambie: Kalenga amepewa kuku mkononi.

Ni mimi yaya yako, kaka yako mkubwa,
Kalenga, fundi rangi